Kamera ya Kioo ya Mtumba au Isiyo na Kioo Mpya: Ipi Itakushikia Mpira Ukiwa Hewani Hapa Kigoma?

"Shikamoo mjomba. Nimepata kamera mbili, bei zinakaribiana. Nichukue ipi?"

Ujumbe huo ulitoka kwa mpwa wangu anayekaa Mwanga, hapahapa Kigoma, ukafuatwa na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa Canon EOS 7D Mark II ya mtumba, imefungwa lenzi ya kuvuta ya milimita 70-200 yenye tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nayo mtumba vilevile. Ya pili ilikuwa Canon EOS R10 mpya, bado iko kwenye boksi lake, pamoja na lenzi ya 18-150 inayouzwa nayo. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia pesa azishike kwanza.

Huyu binti anapiga picha za mechi Uwanja wa Lake Tanganyika. Jumamosi anapiga harusi na send-off. Siku moja moja wageni wanaokwenda Gombe humchukua kwenye boti. Kazi zake zote zina kitu kimoja: anayepigwa picha hatulii. Winga hasimami akungoje, bibi harusi akiingia na wasindikizaji wake wakicheza hasimami, na sokwe ndiyo kabisa. Ndiyo maana sikutaka kumjibu kwa mstari mmoja.

7D Mark II ninayo mwenyewe, pamoja na lenzi kama hiyo, na nimeitumia mpaka rangi ya kitufe cha shata imetoka. R10 ina rafiki yangu, akaniazima na lenzi yake kwa wiki mbili. Tukazunguka nazo mimi na mpwa wangu, mmoja anashika hii, mwingine ile, halafu tunabadilishana: uwanjani, Kibirizi, ukumbini.

Tuelewane majina kabla ya kwenda mbali. Kamera ya kioo ina kioo kidogo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi, kinachokuonyesha moja kwa moja kile ambacho lenzi inakiona. Kila ukipiga, kinapanda na kushuka, na ile "kla" unayoisikia ni yake. Isiyo na kioo haina hicho. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaangalia skrini ndogo inayoonyesha kile ambacho sensa, kipande kinachopokea mwanga, inakiona. 7D Mark II ilitoka 2014, R10 ikatoka 2022. Ukisoma karatasi peke yake, R10 inashinda karibu kila mahali: picha 15 kwa sekunde dhidi ya 10, megapikseli 24 dhidi ya 20, gramu 429 dhidi ya 910. Muuzaji naye alikuwa ameshamsomea mpwa wangu karatasi hiyo. Tatizo ni kwamba karatasi haina safu ya mwanga, na kwenye picha za mwendo mwanga ndio unaoamua.

Sentimita tatu za winga

Mchezaji anayekimbia kwa nguvu zake zote huenda kama mita 8 kwa sekunde. Ukimpiga kwa shata ya 1/250, yaani pazia la kamera likifunguka kwa moja ya 250 ya sekunde, katika muda huo mfupi shata ilipokuwa wazi ameshasogea zaidi ya sentimita 3. Sura imeburuzika, namba ya jezi haisomeki vizuri. Kwa 1/1000 amesogea milimita 8, na kutoka pembeni mwa uwanja hutaona kitu. Mpira ni mkorofi zaidi. Shuti la mita 25 kwa sekunde husogeza mpira sentimita 2 na nusu ndani ya 1/1000: utauona, lakini ukingo wake umelegea. Kwa 1/2000 ni sentimita moja na kidogo, na hapo hata mshono wa mpira unaanza kuonekana.

Kamera zote mbili zinafika 1/2000 bila shida. 7D Mark II inakwenda mpaka 1/8000 na R10 mpaka 1/4000 kwa shata yake ya kawaida, kwa hiyo kasi ya shata si hoja. Hoja ni kwamba shata inayofunga haraka inaingiza mwanga kidogo, na ule uliopungua lazima utoke mahali pengine. Ama tundu la lenzi lifunguke zaidi, ama ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ipande na chenga, zile punje punje kwenye picha, zije nazo.

Sasa tazama lenzi. Ile 18-150 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3. Ile 70-200 inabaki f/2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti ya f/2.8 na f/6.3 ni karibu mara tano ya mwanga. Bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa kweli ina nafuu kidogo ya chenga, tulizilinganisha kwenye kompyuta na nikakubali, lakini nafuu hiyo haifiki mara tano. Haifiki hata mara mbili kwa macho yangu.

Jua letu linachelewa

Mpwa wangu alitegemea nimwambie moja kwa moja kwamba f/6.3 haifai kwa mpira. Sikumwambia hivyo, na sababu ni Kigoma yenyewe.

Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini sisi tuko magharibi kabisa. Jua hutufikia kama dakika 40 baada ya kufika Dar es Salaam, na hutuacha dakika 40 baadaye. Utosini linakaa karibu saa 7 mchana. Mechi ikianza saa 10 jioni, kipyenga cha mwisho kikilia karibu na saa 12, mpiga picha wa Dar anapigana na giza. Sisi jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, limelala kidogo tu, linamulika nyuso za wachezaji kwa rangi ya asali. Ukitafuta mahali pa kukaa ambapo jua liko mgongoni kwako, hiyo nusu saa ya mwisho ndiyo bora kuliko zote.

Kwa hiyo siku ya mechi yetu, R10 na lenzi yake ilianza na 1/2000 kwa ISO 400, tena bila kulalamika. Dakika za mwisho tuliipandisha mpaka ISO 1600, na picha zilikuwa safi, za kutuma kwa mteja. 7D Mark II kwa f/2.8 haikuvuka ISO 400 muda wote. Mtu akiziona kwenye simu hatofautishi chenga za hii na ile.

Atakachotofautisha ni nyuma ya mchezaji. Kwa f/6.3 beki anachomoka na mpira, na nyuma yake unaona kila mtu aliyekaa jukwaani, mabango, ndoo ya maji, dereva wa bodaboda aliyesimama kuchungulia. Kwa f/2.8 vyote hivyo vinayeyuka, anabaki beki na mpira. Magazeti na kurasa za klabu zinapenda hiyo ya pili, nami nazipenda pia, sioni haya kusema. Halafu kuna urefu wa lenzi: milimita 150 dhidi ya 200. Mpira ukiwa goli la mbali, kwa 150 unakata picha hadi inabaki kipande.

Na jua halipo kila siku. Masika wingu likitanda kutoka ziwani, mwanga unashuka mara nane au zaidi ndani ya dakika chache. Siku hiyo R10 na f/6.3 itakudai ISO 6400 na kuendelea kwa 1/1000 wakati mwenzako wa f/2.8 yuko 1250. Mvua yenyewe ni habari nyingine: 7D Mark II imezibwa viungo vyake dhidi ya maji na vumbi, R10 haina ulinzi wa kiwango hicho. Manyunyu yakianza, yangu nafuta kwa kitenge naendelea, ya rafiki yangu nilivua kofia yangu nikaifunika.

Kumfuata mchezaji

Hapa R10 ilinishangaza, na nasema kwa moyo mweupe kwamba kamera yangu ilipigwa.

7D Mark II ina vituo 65 vya fokasi, vyote vizuri, lakini vimekusanyika katikati ya fremu. Ukitaka mchezaji awe pembeni kabisa mwa picha, kituo hakipo. Na ni wewe unayemshikilia: weka kituo juu ya kifua, kikitoka umemkosa, lenzi inakimbilia jukwaani. Ilinichukua misimu miwili mkono wangu kuzoea. R10 inaona mtu, inaona uso, inaona jicho, inabandika kisanduku na kwenda naye karibu fremu nzima. Mpwa wangu, ambaye hakuwa ameishika hata saa moja, alimfuata winga kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye kibendera cha kona na karibu kila picha ilikuwa kali machoni.

Lakini kona ikapigwa. Watu kumi na wanne ndani ya boksi, mikono, migongo, nyuso. Kisanduku kikaruka kutoka kwa kipa kwenda kwa beki, kikarudi, kikaenda kwa mshika kibendera. Mpira ulipigwa kichwa, ukatoka nje, na katika picha zile mkali alikuwa mtu ambaye hakuwa na habari na mpira. Kwenye msongamano ni bora kuzima huo msaada, uchague kisanduku kidogo mwenyewe, kama unavyofanya kwenye kamera ya kioo. R10 inakuruhusu, inabidi tu ujue wakati wa kuikatalia.

Kidirisha nacho kina lake. Kwenye kioo unaona uwanja wenyewe, mwanga kwa mwanga, bila kuchelewa. Kinafumba kidogo kila picha, kisha kinakurudishia uhai. Kwenye R10 mfululizo ukianza, mwonekano unakatakata, na mchezaji akigeuka ghafla unajikuta unafuata alikokuwa, si aliko. Kwa mtu anayekimbia moja kwa moja hutagundua. Kwa mcheza chenga utagundua mara moja.

Bao moja, nafasi moja

Julai 25, 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa hapa hapa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, ikaisha 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Nakumbusha mechi hiyo kwa sababu moja: dakika tisini, bao moja. Kama bodi yako ilikuwa inahema wakati ule, basi.

Kuhema ninakokusema ni huku. Ukipiga picha ghafi, yaani RAW, R10 hubeba kama 29 ndani ya kumbukumbu yake ya haraka kabla ya kuanza kuzisukuma kwenye kadi. Kwa picha 15 kwa sekunde, hizo zimeisha ndani ya sekunde mbili. 7D Mark II hubeba 31, kwa 10 kwa sekunde ni sekunde tatu. Baada ya hapo kamera inapiga moja, inasita, inapiga moja. Hiyo "15 kwa sekunde" iliyoandikwa kwenye boksi ni kweli, lakini ni ya sekunde mbili.

Yalinikuta mwanzoni kabisa. Mshambuliaji alitoka nusu yake na mpira, nikabonyeza kitufe sikukiachia, nikamfuata kwa furaha hadi ukingo wa boksi. Alipoinua mguu kupiga, kamera ilikuwa inaandika kwenye kadi ya bei rahisi niliyonunua kwa haraka. Nina picha ishirini na kitu za mtu anakimbia na moja ya wenzake wanamkumbatia. Bao lenyewe sina. Tangu siku hiyo nabonyeza tatu, naachia, tatu tena, na mechi napiga JPEG, yaani picha zilizobanwa zikawa nyepesi, ambazo kamera zote mbili zinazibeba kwa mamia. Kadi nanunua ya kasi. Kwa 7D Mark II tumia tundu la SD; ile kadi nene ya CF inayoingia tundu la pili hapa mjini utaitafuta mpaka uchoke.

R10 ina shata ya umeme pia, isiyo na sauti, inayofika picha 23 kwa sekunde. Mpwa wangu alipoiona macho yaling'aa. Nikampeleka nyuma ya goli, nikamwambia ampige kipa anapopiga goli kiki. Mpira ulitoka kama yai la bata. Sababu ni kwamba shata hiyo haichukui picha yote kwa mkupuo. Inaisoma sensa mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na mpira unasogea wakati usomaji haujaisha. Kuna kamera ambazo zimelimaliza tatizo hilo. Sony A9 III, iliyotangazwa 2023, inasoma sensa yote kwa wakati mmoja. Bei yake si ya mazungumzo yetu. Kwenye R10, mpira upige kwa shata ya kawaida.

Watoto wa Kibirizi

Jumapili asubuhi tukashuka Kibirizi, boti zikiwa zimerudi na dagaa na wanawake wanaanika. Watoto walikuwa wanajirusha majini kutoka kwenye pua ya boti iliyofungwa. Sijui mahali bora pa kujifunzia picha za mwendo kuliko hapo: hawachoki, hawadai kitu, wanarudia tendo lilelile mara hamsini.

Jicho la mtu huchukua kama moja ya tano ya sekunde kuona na kidole kubonyeza. Shuti kali ndani ya muda huo limeshakwenda mita 5. Mtoto aliyeruka ameshapita juu kabisa, pale ambapo mwili unaning'inia kidogo kabla ya kuanguka. Maana yake ukimsubiri umwone yuko hewani, umechelewa. Inabidi usome dalili. Nilimwonyesha mpwa wangu mvulana mmoja mwenye kaptura nyekundu: kabla ya kuruka alikuwa anabana vidole vya mguu kwenye ukingo wa ubao mpaka vinakuwa vyeupe, kisha mabega yanashuka. Vidole vikibana, pumua nje. Mabega yakishuka, bonyeza. Kwa 7D Mark II, kwa dalili hiyo, katika miruko sita alimpata juu kabisa mara nne, matone yamesimama kila moja peke yake kwa 1/1600.

R10 ina ujanja wake wa jambo hilihili. Ina namna ya kupiga ambapo, ukiwa umeshikilia kitufe nusu, kamera inakumbuka nusu sekunde iliyotangulia, na ukibonyeza inakupa na zile za kabla. Yaani umechelewa, lakini hukuchelewa. Inatumia shata ya umeme na inakata fremu iwe nyembamba kidogo, lakini kwa mtoto anayeruka au mvuvi anayerusha kamba ufukweni, inafanya kazi vizuri sana. Mpwa wangu alimpata mvulana yule mara sita kwa sita.

Huko California mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia na nyuzi zilizokatwa na farasi mwenyewe akipita, ndipo watu wakaona kwamba farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko juu, tena imekunjwa chini ya tumbo. Farasi ndiye aliyebonyeza. Huwa nawaza hilo kila nikiona kamera inayokumbuka nusu sekunde: tatizo letu tangu mwanzo ni kidole.

Pamoja na hayo nilimwambia ajifunze vidole vya mvulana kwanza. Uwanjani nusu sekunde haitamwonyesha asimame wapi.

Tukiwa tunapanda kurudi mjini tulijaribu na bodaboda kwenye Barabara ya Lumumba, kinyume cha yote niliyoyasema: shata ya polepole, 1/40, huku unamfuata dereva kwa kiuno, si kwa mikono. Dereva anabaki mkali, maduka nyuma yanakuwa mistari. Hapo kamera zilikuwa sawa, yangu ikizidi kidogo kwa sababu ya uzito wake. Kitu kizito hakitikisiki ovyo.

Ukumbini

Ukumbini mambo yaligeuka, na kwa upande wa lenzi hakukuwa na ubishi hata chembe.

Ilikuwa send-off, ukumbi ninauacha bila jina. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, wasindikizaji wanacheza, taa za rangi zinazunguka. Kuwasimamisha wachezaji unahitaji angalau 1/250. Kwa f/2.8 nilipata hiyo kwa ISO 6400, chenga zipo lakini ngozi bado ni ngozi. R10 kwa f/6.3 ilihitaji mara tano ya hapo, yaani ISO 32000, na huo ndio mwisho wa ISO yake ya kawaida. Picha ilitoka kama imemwagiwa mchanga. Unaweza kuweka flashi, na kwa kuingia ukumbini mara nyingi utaweka, lakini zile taa zote za rangi ambazo mwenye sherehe amezilipia zinakufa.

Kuna jambo lingine la taa ambalo wengi linawasumbua bila kulijua. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga mfululizo kwa shata ya haraka, picha moja inakuwa na mwanga, ya pili ya njano, ya tatu ina giza. Kamera zote mbili zina kipengele cha kungoja kilele cha mwanga kabla ya kufungua shata. Kitafute kwenye menyu ukiwashe. 7D Mark II ndiyo iliyokileta kwa Canon. Shata ya umeme ya R10 ndani ya ukumbi kama huo, usiiguse, itakuchorea mistari.

Upande wa pili wa mizani ukumbini ni video. Maharusi wa sasa wanataka video fupi ya kuweka mtandaoni kabla keki haijaisha. R10 inarekodi 4K nzuri na fokasi yake inamshikilia bibi harusi anapokuja. 7D Mark II haina 4K kabisa. Na kwenye nikaha, mahali ambapo kila "kla" inageuza vichwa, ukimya wa shata ya umeme ya R10 una thamani, ilimradi taa hazipepesi.

Kule Gombe

Sijampeleka mpwa wangu Gombe na kamera hizi mbili, kwa hiyo nasema niliyoyaona kwa kamera yangu miaka ya nyuma. Hifadhi iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, unafika kwa boti tu. Msitu ni mzito, sokwe ni weusi, flashi hairuhusiwi, na unatakiwa ukae angalau mita 10 kutoka kwao. Huo ndio ukumbi wa giza wa asili, na f/2.8 ndiyo lenzi yake.

Siri moja ya bure: sokwe akijaza fremu, kamera inadhani kuna giza na kumng'arisha mpaka manyoya yanakuwa ya kijivu. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua. Weusi unarudi kuwa weusi, na shata inaongezeka kasi, vyote kwa pamoja. Kisanduku cha jicho cha R10 kwenye orodha ya Canon kimefundishwa mbwa, paka na ndege. Sokwe hayumo, kwa hiyo usipange safari kwa kukitegemea. Betri nayo: ya kioo inakaa sana kwa sababu haiwashi skrini muda wote. Na R10 nenda na mbili au tatu, hasa ukilala huko.

Kuhusu simu, kwa kuwa nitaulizwa: kwa watoto wa Kibirizi ukiwa mita tatu kutoka kwao, jua likiwaka, simu nzuri inatosha. Uwanjani mchezaji anakuwa sisimizi. Tuishie hapo.

Kabla hujatoa pesa ya mtumba

Mtumba mwingi hapa unatoka Dar, na ukishafika umefika. Shata ya 7D Mark II ilipimwa na Canon kwa mapigo 200,000. Uliza imepiga mangapi, na muuzaji asipoweza kukuonyesha, punguza bei au ondoka. Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma: ukiona utando kama wa buibui ndani, ni kuvu, na huku ziwani kuvu haisimami, inakua. Halafu mwambie mtu atembee haraka kuja kwako, mpige mfululizo mzima kwa f/2.8, kuza kila picha uangalie nyusi zake. Kamera inaweza kuwa kali kwa kitu kilichosimama na ikashindwa na mtu anayekuja. Ukitaka picha za mwendo, jaribio la mwendo ndilo pekee lenye maana.

R10 mpya haikudai hayo yote. Ina waranti na ina miaka mbele yake. Canon haitengenezi tena 7D Mark II, na kifaa kikifa ndani utakitafuta kwenye mitumba mingine.

Nilichomwambia

Nilimuuliza swali moja: kwa mwezi, picha zako ngapi zinapigwa jua likiwa limezama au chini ya paa? Akahesabu kwa vidole. Harusi mbili, send-off moja au mbili, Gombe mara chache. Zaidi ya nusu ya pesa yake inatoka gizani.

Kwa hesabu hiyo nikamwambia achukue ya mtumba, na sababu ni lenzi, bodi ni mfuko wake tu. Hiyo 70-200 ni ya mlango wa EF, yaani kiungio cha lenzi na kamera, ambao Canon imeutumia tangu 1987, na kwa adapta inakaa kwenye R10 au dada yake mkubwa R7 na kufokasi kama kawaida. Akipata pesa mwakani, anabadilisha bodi, lenzi inabaki. Lile boksi jipya lingempa bodi nzuri na kazi ya kutafuta lenzi upya, na lenzi ndiyo ghali.

Angekuwa anapiga mechi za saa 10 jioni tu, na video za mtandaoni, ningemwambia R10 bila kusita, kisha atafute 55-250 ya mtumba ya gramu 375 na adapta yake. Jua la Kigoma lingemlipia zilizobaki. Na aliye mgeni kabisa wa picha za mwendo, anayetaka kuona matokeo mwezi huu, R10 itamvumilia kuliko ya kioo.

Mpwa wangu alikwenda na tochi. Lenzi ya kwanza ilikuwa na kuvu, akaikataa mbele ya muuzaji, akaletewa nyingine baada ya siku nne. Ijumaa iliyopita alinitumia picha moja ya mazoezi: kipa amejinyoosha, mpira umekatwa nusu na ukingo wa fremu, lakini vidole vyote vitano vya glavu vinahesabika na tone la jasho linaning'inia kidevuni. f/2.8, 1/1600, ISO 640. Chini yake ameandika, "Mjomba, alibana mdomo kabla ya kuruka. Nilimwona."